Njia ya Pili ya Kwenda Kilwa

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mabasi na malori yalikwama huku na huku ya maji. Siku 8 baadaye, tarehe 12 Mei, kebo mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa mkupuo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora nchi nzima. Upande wa kaskazini nako hakukuwa na nafuu, maana Seacom ilikuwa imeshakatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo. Kimbunga kilikuwa na yake na kebo zilikuwa na yake, lakini waliolipa gharama walikuwa wale wale: waliotegemea njia moja, pamoja na waliodhani wana mbili. Ofisi iliyonunua huduma kwa kampuni mbili ili iwe na akiba iligundua kwamba akiba hiyo imelazwa kwenye bahari ile ile, jirani kabisa na ile inayoiwekea akiba.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba mtandao wa faiba wa kuhudumia ofisi na biashara katika mwambao wa Kilwa na Lindi usianze kupimwa kwa kasi. Uanze kupimwa kwa umbo lake: je, kila mji unafikiwa kwa njia mbili zisizokutana popote kabla ya mlango wa mteja? Matangazo ya kampuni za simu hutaja megabiti, na mtu wa kawaida amezoea kuuliza megabiti, kwa kuwa anayetazama video kwenye simu akikatiwa mtandao huirudisha simu mfukoni na kungoja. Ofisi haina anasa hiyo. Kaunta ya benki Kilwa Masoko haifanyi kitu bila kompyuta kuu zilizo mbali nayo. Malipo ya Serikali hupita katika mfumo wa GePG, na bila mtandao hakuna namba ya malipo, iwe ni ya leseni ya biashara, ya ushuru au ya huduma hospitalini. Tangu msimu wa 2024 minada ya ufuta na korosho ya kusini inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX: wanunuzi hutuma bei zao kwa mtandao kabla dirisha halijafungwa, na wakulima waliokusanyika kwenye chama chao cha msingi husomewa bei hizo, wakaamua wauze au wakatae. Mtandao ukikata katikati ya mnada, mkulima hana faida yoyote na habari kwamba jana ulikuwa na kasi.

Huduma inayouzwa kwa wateja wa namna hii inaitwa Itheneti ya biashara. Itheneti yenyewe ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, kwa ajili ya kuunganisha kompyuta za jengo moja, na kwa miaka mingi haikutoka nje ya jengo. Baadaye kampuni za mawasiliano ziliona kwamba kila ofisi duniani tayari ina tundu lile la waya wa Itheneti, zikajiuliza kwa nini zimuuzie mteja kitu kingine. Mwaka 2001 likaundwa jukwaa la MEF lililoweka viwango vya kuitumia baina ya miji. Mteja anaweza kuunganishwa nukta mbili tu, kama tawi la benki na makao makuu yake. Au ofisi zake zote zikaonana kama zimo katika jengo moja. Au halmashauri ikawa shina na zahanati zikawa matawi, kila zahanati ikiongea na shina bila kuingilia mambo ya zahanati nyingine. Zamani aliyetaka laini ya kudumu alikodi sakiti nzima, sawa na mfanyabiashara anayekodi jahazi zima na mzigo wake ni magunia kumi. Itheneti ni kulipia nafasi. Nafasi uliyoilipia kwa uhakika haichukuliwi na mtu, na chombo kikiwa na upenyo, kila mwenye mzigo anaruhusiwa kuongeza. Uhakika huo huandikwa katika mkataba, tuseme megabiti 10 zisizopungua, na juu yake megabiti 40 nyingine za kupatikana pale zinapopatikana. Tofauti hiyo ya namba mbili ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini muundo mzima nitakaouelezea umesimama juu yake.

Siri za wateja hazichanganyiki ingawa wanatumia uzi mmoja. Kila pakiti hubandikwa lebo yenye namba ya biti 12, kwa hiyo namba zinazoweza kutumika ni 4,094, na mtoa huduma hubandika lebo yake ya pili juu ya ile ya mteja ili benki na hospitali zikitumia namba moja zisigongane. Chini ya lebo hizo ndiko kuna mwanga. Uzi wa faiba una unene wa maikroni 125, na sehemu ya kati inayopitisha mwanga ni kama maikroni 9 tu. Mwanga wa nanomita 1,550 hupoteza takribani desibeli 0.2 katika kila kilomita, na hesabu hiyo inaipendelea Kilwa. Kutoka njia panda ya Nangurukuru hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 30, yaani desibeli 6 pamoja na chache za maungio. Vifaa vya kawaida vilivyotengenezwa kwa kilomita 40 vinatosha, bila kikuza mwanga. Nangurukuru hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 150, na huko lazima kiwepo kituo cha kukuza mwanga njiani, chenye umeme, betri na jenereta, na mtu wa kukumbuka mafuta ya jenereta. Umbali wenyewe hauchelewishi kitu: mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam humalizika kwa milisekunde moja na nusu. Wala uwezo si tatizo. Rangi tofauti za mwanga hupitishwa pamoja katika uzi mmoja. Mifumo mikubwa hubeba rangi 80 na zaidi, kila moja gigabiti 100, na hata mfumo wa bei nafuu wenye rangi 18 unazidi mahitaji ya Wilaya ya Kilwa mara nyingi. Anayesema mwambao huu una shida ya kasi ya kebo, basi shida hiyo ameiona kwingine.

Shida iko ardhini. Kebo ya faiba huzikwa kando ya barabara, kwa kawaida ndani ya hifadhi yake, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Eneo hilohilo ndilo linalochimbwa na mkandarasi anapopanua barabara, ndilo linalosombwa na mafuriko, ndilo linalopitishwa mabomba ya maji. Kebo ikikatwa na kijiko cha mtambo, fundi anafika na kisanduku cha kupimia ambacho hutuma mwanga na kusoma mwangwi wake, akajua umbali wa mkato kwa usahihi wa mita chache. Hufukua, huvuta urefu wa ziada ulioachwa umekunjwa kwenye shimo la ukaguzi, huvua kila uzi koti lake, huusafisha kwa spiriti, huukata wima, kisha huziweka ncha mbili kwenye mashine inayoziyeyusha kwa cheche na kuziunganisha. Ungio zuri halipotezi hata desibeli 0.1. Kebo ya nyuzi 48 ina maungio 48, na kama ukarabati unahitaji kipande kipya katikati, ni 96. Kazi hiyo kwa fundi mzoefu ni ya saa kadhaa. Kinachoigeuza kuwa ya siku ni gari la fundi kushindwa kuvuka, kwa sababu maji yaliyokata kebo yamekata pia barabara ya kuifikia.

Ndiyo maana wahandisi wa mitandao ya mijini huichora kwa mzunguko. Kila kituo kina majirani wawili, kulia na kushoto, na mkato mmoja popote hauwezi kukitenga. Hapa pana jambo ambalo wengi hulishangaa: mzunguko wa Itheneti ukiachwa wazi kabisa unajiua wenyewe. Pakiti ya Itheneti haina kikomo cha safari. Ile inayotangazwa kwa wote itazunguka na kujizalisha bila kufa, na kwa sekunde chache mtandao wote umejaa marudio ya kitu kimoja. Kwa hiyo kiwango kinachoitwa G.8032 huchagua kiungo kimoja na kukifunga makusudi. Siku zote njia nzima iko tayari, nyaya zinapitisha mwanga, lakini kituo kimoja kinakataa kuruhusu pakiti za wateja zipite upande ule. Kebo ikikatwa mahali pengine, vituo viwili vilivyo kandokando ya mkato hutuma taarifa, kile kiungo kilichofungwa kinafunguliwa, kila swichi inasahau anwani ilizokuwa imekariri na kujifunza upya. Yote hayo yamelengwa yakamilike ndani ya milisekunde 50. Karani wa benki aliyekuwa anabonyeza kitufe hajui kama kuna lililotokea. Mafundi ndio wanaojua, na wana muda wa kungoja maji yapungue.

Thamani ya njia ya pili inaonekana vizuri kwa hesabu. Tuseme njia moja inapatikana kwa asilimia 99.5 ya mwaka. Inasikika vizuri, lakini mwaka una saa 8,760, na nusu asilimia yake ni karibu saa 44 za giza. Ukiweka njia ya pili yenye udhaifu uleule, na kuharibika kwa moja hakuhusiani kabisa na kuharibika kwa nyingine, muda wa zote mbili kuwa zimekufa pamoja unashuka hadi kama dakika 13 kwa mwaka. Hakuna kifaa cha bei yoyote kinachoweza kukupa tofauti hiyo kwenye njia moja. Sasa badilisha sharti moja tu: tuseme njia zote mbili zinapita kwenye daraja moja, na daraja hilo peke yake husababisha saa 10 kati ya zile 44. Zile dakika 13 zimeyeyuka. Huwezi kushuka chini ya saa 10, hata ukinunua kampuni ya tatu na ya nne zikapita palepale. Hapo ndipo mwezi Mei 2024 ulipotuonyesha bei ya kujidanganya. Kampuni mbili, mikataba miwili, ankara mbili, njia moja.

Tuitazame basi ardhi ya Kilwa. Kilwa Masoko imekaa kwenye ncha, bahari ikiizunguka, na njia yake ya lami ni moja, inayopanda hadi Nangurukuru. Barabara kuu inayopita Nangurukuru nayo huvuka Mto Matandu upande wa kaskazini na Mto Mavuji upande wa kusini. Kebo inayofuata lami itaifikia Masoko kwa njia hiyo moja, na ukizika ya pili upande wa kushoto wa barabara hiyohiyo umeongeza nyuzi bila kuongeza njia. Upande wa kusini wa Masoko, ng'ambo ya maji, kuna Kilwa Kisiwani, kisha Songo Mnara, kisha bara tena kwenye kata ya Pande, ambako unaweza kurudi magharibi hadi barabara ya Lindi na kuikuta kusini ya Mavuji. Kwenye ramani ya sasa Pande ni mwisho wa njia. Kwenye ramani ninayoipendekeza Pande ni sehemu ya mzunguko: Nangurukuru, Masoko, kuvuka maji, Pande, barabara kuu, Nangurukuru. Kata ambayo peke yake isingeweza kulipia faiba inaipata kwa sababu wengine wanaihitaji ipite hapo. Sijui hoja yenye nguvu zaidi ya kuwapelekea faiba watu wa vijijini kuliko kuwafanya wawe njia ya watu wa mjini.

Kuvuka maji si lazima kebo ya baharini. Redio ya maikrowevu inaweza kuruka makumi ya kilomita, mnara kwa mnara, na kubeba megabiti mia kadhaa hadi gigabiti. Ina hila yake baharini, na mabaharia wataielewa upesi kuliko wahandisi wa bara: mawimbi ya redio hugonga uso wa maji na kurudi juu, na yale yaliyogonga yakifika kwenye antena pamoja na yale yaliyokuja moja kwa moja, yanaweza kufutana. Uso wa maji wenyewe hautulii. Wakati wa bamvua bahari ya mwambao huu hupanda na kushuka mita kadhaa, wakati wa maji mafu hushuka kidogo, kwa hiyo redio iliyopimwa vizuri asubuhi inaweza kukohoa jioni. Dawa inajulikana: antena mbili kwenye mnara mmoja, zikiwa zimeachana kwa kimo, ili moja ikidhoofika nyingine iwe na nguvu. Na hapa ndipo zile namba mbili za mkataba zinapofanya kazi. Faiba ya Nangurukuru ikikatika, redio haiwezi kubeba kila kitu, wala haihitajiki kubeba kila kitu. Inabeba zile megabiti 10 za uhakika za benki, hospitali, halmashauri na mnada; zile za ziada zinasubiri fundi. Mbunifu anayetaka njia ya pili ilingane na ya kwanza kwa uwezo ataikuta ni ghali mno na hataijenga. Anayekubali iwe nyembamba ataijenga.

Wapo watakaosema kazi hii imekwisha kufanywa, kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009 na unaosimamiwa na TTCL, ulichorwa kwa mizunguko mikubwa, ule wa kusini ukishuka hadi Lindi na Mtwara kisha kuelekea magharibi Tunduru na Songea. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Mzunguko wa mkongo unailinda Lindi kama kituo: mkato wa Somanga unaweza kuzungukwa kwa kupitia Songea, ingawa kwa mamia ya kilomita zaidi. Haumlindi aliye kwenye tawi. Mji uliounganishwa na mkongo kwa mkono mmoja wa kilomita 30 unabaki na udhaifu wa huo mkono, hata mkongo wenyewe ungekuwa wa dhahabu. Mzunguko wa nchi na mzunguko wa wilaya ni kazi mbili, na kufanikiwa kwa ya kwanza kusitumike kuahirisha ya pili.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Wateja ni wachache, inasemwa, na hakuna kampuni itakayochimba mitaro kwa ajili ya matawi machache ya benki. Nakubali nusu. Kwa mteja mmoja mmoja hesabu haikubali, na gharama kubwa ya faiba ni kuchimba kuliko kebo yenyewe. Lakini mwambao huu si mtupu. Gesi ya Songo Songo inapita Somanga kwenda Dar es Salaam tangu 2004, na bomba kutoka Mtwara linapita huko tangu 2015. Kilwa Masoko ina mradi wa bandari ya uvuvi, na samaki wa kusafirishwa nje hawauziki bila nyaraka za forodha na vyeti vinavyotumwa kwa mtandao. Mradi wa gesi asilia ya kusindikwa Likong'o, Lindi, umekuwa mezani kwa miaka. Juu ya hayo kuna hospitali, shule, mahakama, halmashauri na vyama vya ushirika, na Itheneti imetengenezwa kwa ajili ya kuwapakia wote hao katika uzi mmoja kila mmoja kwa nafasi yake. Serikali ndiyo mteja mkubwa wa wilaya. Ikinunua kwa pamoja badala ya kila idara kusaini peke yake, mzunguko una mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukitoa ruzuku kwa minara ya vijijini, na sioni sababu kigezo cha ruzuku kisiongezewe sharti la njia ya pili. Madaraja yanayojengwa upya baada ya mafuriko yawekewe mabomba matupu ya kebo wakati zege bado ni bichi. Kuyaongeza baadaye ni kubomoa.

Na setilaiti? Zile za zamani zilizo kilomita 36,000 juu huchelewesha mazungumzo kwa karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, lakini za kizazi kipya zinaruka chini na ucheleweshaji wake ni wa makumi ya milisekunde tu. Ni njia ya tatu nzuri, na kwa kisiwa kidogo pengine ya kwanza. Kuifanya njia kuu ya wilaya nzima ni jambo jingine, maana uwezo wake hugawanywa kwa eneo pana, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi yake. Mvua kubwa ndiyo hasa inayokata barabara. Akiba inayochoka siku ileile ambayo njia kuu imechoka haistahili kubebeshwa peke yake.

Kinachobaki kiko mikononi mwa wanunuzi, kwa sababu kampuni hujenga kile ambacho mteja anakidai kwa maandishi. Mkataba unaosema upatikanaji wa asilimia 99.9 unaruhusu saa 8 na dakika 45 za kukatika kwa mwaka, na hausemi chochote kuhusu daraja. Kwa hiyo halmashauri, benki, hospitali na vyama vya ushirika vya Kilwa na Lindi, mnapokwenda kusaini, ombeni ramani ya njia zote mbili, kila mto zinaouvuka ukiwa umetajwa jina, ramani hiyo iwe sehemu ya mkataba, na fidia ya njia zilizokutana iandikwe kwa shilingi.